Mbuzi wangu anakula mwarobaini: anajitibu, au hana kingine cha kula?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafuga mbuzi tisa wa kienyeji huku Newala. Tangu mvua zianze nawafunga kamba wasiingie mashambani mwa watu. Mmoja wao, mama mwenye mtoto wa miezi miwili, amekonda na amekuwa mzito kutembea. Jioni anakuwa na uvimbe laini chini ya taya, asubuhi unapungua. Nimeona anakula sana majani ya mwarobaini ulio karibu na kigingi chake. Babu yangu anasema mbuzi anaijua dawa yake, nimwachie. Kijana mmoja wa hapa mjini anasema kuna tiba ya asili ambayo mnyama huwekewa majani na mafuta mbalimbali ya kunusa, achague mwenyewe kinachomfaa. Yuko tayari kunifanyia kwa malipo. Jirani yangu ananiambia nikanunue dawa ya minyoo dukani, lakini mbuzi huyu ukimshika kumnywesha anapiga kelele kama anachinjwa, na mara ya mwisho alikohoa siku mbili. Sipendi kumtesa. Je, ni kweli mnyama anaweza kushiriki katika kujitibu? Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na la haraka, maana mengine yanaweza kungoja na hili haliwezi. Uvimbe laini chini ya taya unaojitokeza jioni na kupungua asubuhi, kwa mbuzi aliyekonda, anayenyonyesha, aliyefungwa mahali pamoja msimu wa mvua, mara nyingi ni dalili kwamba amepungukiwa damu. Damu ikipungua, protini iliyomo ndani yake hupungua pia, na maji huvuja kutoka kwenye mishipa. Mchana kutwa mbuzi anakula kichwa kikiwa chini, kwa hiyo maji hayo hukusanyika chini ya taya. Usiku analala kichwa kikiwa juu, yanashuka. Ndiyo maana unauona unakuja na kuondoka.

Leo hii, kabla jua halijazama, mfunue jicho. Bonyeza taratibu kope ya juu kwa kidole gumba, kwa kidole kingine vuta kope ya chini, kisha tazama ngozi ya ndani kwenye mwanga wa jua, si ndani ya banda. Nyekundu iliyokolea ni afya. Waridi iliyofifia ni onyo. Nyeupe maana yake amepoteza damu nyingi, na mbuzi wa namna hiyo anaweza kufa ghafla hata kwa kukimbizwa tu. Madaktari wa mifugo wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano iitwayo FAMACHA kwa kazi hii hii, na maafisa mifugo wengi wanaifahamu. Ukikuta nyeupe, mpigie afisa mifugo wa kata yako sasa hivi. Jibu langu lililobaki utalisoma usiku.

Sasa tuje kwa hao washauri wako watatu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila ukubwa wa vipande haulingani.

Babu yako hasemi hadithi tu. Ushahidi unaojulikana zaidi duniani juu ya mnyama kujitibu umetoka hapa hapa Tanzania, kwenye milima ya Mahale, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman, akiwa na Mohamedi Seifu Kalunde, mhifadhi na mjuzi wa miti shamba wa kabila la Watongwe, walimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa waziwazi: hana hamu ya kula, analala muda mrefu, haendi na wenzake. Akauendea mtukutu, ule mti mchungu ambao waganga wetu huutumia kwa homa na minyoo, akachuma machipukizi, akayamenya, akatafuna na kufyonza maji ya moyo wa shina. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Kalunde aliujua mti huo kuwa dawa kabla ya mgeni yeyote kufika na daftari.

Angalia kitu kimoja ambacho wanaosimulia kisa hiki hukiruka. Chausiku aliyatupa majani na maganda ya mtukutu, sehemu ambazo sumu yake ni kali zaidi. Alichagua sehemu na akachagua kiasi, halafu akaacha. Anayeufahamu mmea ndiye anayejua wapi pa kukomea. Yeye alikuwa sokwe mzima, amekulia katika msitu ule ule, miaka yote anatembea na wakubwa zake na kuwaona wanachokula. Hakuwa amefungwa kwenye kigingi.

Hapo ndipo swali lako linapobadilika. Hujaniambia urefu wa kamba, lakini nazijua kamba za mbuzi wa huku uwandani: mita tatu, nne zikizidi. Ndani ya duara hilo mna nini? Nyasi zilizokanyagwa, mavi yake mwenyewe ya wiki nzima, na matawi ya mwarobaini yaliyoinama. Mbuzi kwa asili yake ni mla majani ya vichakani. Huinua kichwa, husimama kwa miguu ya nyuma, huonja hiki na kuhamia kile. Ukimnyima vyote ukamwachia mwarobaini, atakula mwarobaini. Huwezi kuuita uamuzi wa mgonjwa mpaka awe na cha pili cha kuamua. Inawezekana anauendea kwa sababu ya minyoo. Inawezekana pia ndiyo majani pekee ya juu anayoyafikia. Kwa kumtazama akiwa kwenye kamba, mimi na wewe hatuna namna ya kutofautisha.

Na kamba hiyo hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyomuuguza. Minyoo ninaowashuku hapa ni Haemonchus, wembamba wanaokaa tumbo la nne na kunyonya damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na mavi, na kwenye joto na unyevu wa Mtwara huchukua kama wiki moja kuwa viluwiluwi vinavyopanda majani mafupi ya nyasi na kungoja kuliwa. Mbuzi akivila, baada ya wiki tatu hivi minyoo wapya nao wanaanza kutaga. Mbuzi anayezurura huliacha eneo lenye mavi yake akaenda mbele, na chakula chake kingi kiko juu ya ardhi, ambako viluwiluwi havifiki. Anayefungwa hulazimika kula pale pale alipojisaidia. Mwezi wa nne kope zinakuwa nyeupe.

Nieleze namna mbuzi anavyojifunza, maana ukilielewa hili utajua lini umwachie na lini umwingilie. Mbuzi hana elimu ya dawa kichwani. Alichonacho ni kumbukumbu ya aina hii: nilikula kile, baadaye mwili ukawa hivi. Ladha inafungamana na matokeo. Akila kitu tumbo likachafuka, ladha hiyo huikwepa. Akila kitu akapata nafuu, huikumbuka. Watafiti Juan Villalba na Frederick Provenza wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, Marekani, walilipima jambo hili kwa wanakondoo na kulichapisha mwaka 2006. Waliwalisha vyakula vitatu vyenye kuleta usumbufu wa aina tatu tofauti, na baada ya kila chakula wakawapa kitu kinachotuliza usumbufu huo. Baadaye, wanakondoo walipolishwa chakula kimojawapo na kuwekewa vitulizo vyote vitatu, walielekea kile kinachofaa. Lakini kundi jingine, lililoonja vitulizo hivyo hivyo bila kuvihusisha na nafuu, halikujua la kuchagua. Kwa hiyo uwezo upo, ila unajengwa kwa uzoefu, na uzoefu unahitaji nafuu inayokuja upesi, ndani ya saa chache, ili mnyama aunganishe mambo mawili.

Kinachouma haraka na kupoa haraka, mnyama anaweza kukijifunza: kiungulia cha kuvimbiwa mabibo, kiu ya chumvi, joto, jeraha linalowasha. Minyoo anayenyonya damu tone kwa tone kwa mwezi mzima hatoi somo la wazi. Mbuzi anachojua ni kwamba amechoka. Kusema kweli, zipo tafiti zilizoonyesha kuwa kondoo wenye minyoo hula zaidi majani yenye tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, kuliko wenzao wasio na minyoo, na tanini hupunguza minyoo kiasi. Sitaki kumnyima babu yako haki hiyo. Ila kupunguza siyo kuponya, na mbuzi aliyekwisha kuvimba taya hana muda wa kupunguziwa.

Kuhusu mwarobaini wenyewe, majaribio kwa mbuzi na kondoo yametoa majibu yanayopingana: mahali pengine mayai ya minyoo yalipungua, mahali pengine hakuna kilichobadilika. Achumapo mwenyewe machache kati ya majani mengine, sioni ubaya. Ninalokukataza ni kuyachemsha majani yakawa mchuzi mzito ukamnywesha kwa nguvu. Ukishafanya hivyo umemnyang'anya kile kile babu anachokisifia: uwezo wa kuonja na kuacha.

Kuna mahali werevu wa mbuzi unapokwama kabisa, na mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, imejaa mahali hapo. Mnyama mgeni hajui mimea ya ugenini. Mifugo iliyohamishwa kutoka bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 na kuletwa hadi Lindi ilikuta majani ambayo mama zao hawakuwahi kuwaonyesha. Vichaka vya pwani yetu vina mimea ya jamii ya Dichapetalum yenye sumu inayosimamisha moyo. Ng'ombe anakula, anakwenda kunywa maji, anaanguka. Hapati nafasi ya kujifunza kwa sababu somo la kwanza ndilo la mwisho. Mnyama mwenye njaa naye hula alichokuwa akikikwepa alipokuwa ameshiba. Tena kuna vitu vya binadamu ambavyo maumbile hayakumwandalia: rundo la majani na maganda mabichi ya mihogo michungu, mfuko wa mbolea ulioachwa wazi, na salfa. Salfa naisisitiza. Kuanzia mwezi wa tano au wa sita mikorosho inapopuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, unga wake hutua kwenye nyasi za chini. Mbuzi akiula kwa wingi, tumboni hugeuka gesi inayoharibu ubongo: anakuwa kipofu, anasukuma kichwa ukutani, anazunguka. Usimfunge chini ya mkorosho uliopuliziwa, na usitegemee pua yake imwambie.

Huyo kijana wa mafuta simjui na sitaki kumvunjia heshima. Wazo la kumpa mnyama nafasi ya kuchagua ni zuri. Tatizo ni kulifanya ndiyo matibabu ya mbuzi mwenye kope nyeupe, na kulitoza fedha. Mbuzi kunusa chupa na kugeuza uso haimaanishi mwili wake umekataa dawa. Huenda harufu ni kali tu. Na kuilamba haimaanishi anaihitaji; wanyama hulamba vingi kwa udadisi, na utamu huwadanganya kama unavyotudanganya sisi. Mafuta yaliyokamuliwa ni makali mno kuliko jani lenyewe. Ukiwa na paka nyumbani, hapo ndiyo usithubutu kabisa: ini la paka halina uwezo wa kuvunja baadhi ya kemikali hizo. (Wala Panadol, niliongeze hilo hapa hapa, maana kila mwaka kuna anayempa paka nusu kidonge kwa huruma.) Fedha hiyo weka kwenye dawa na chumvi ya kulamba.

Jirani yako ana haki kwa huyu mmoja. Kwa wote tisa, hapana. Dawa ya minyoo ikitolewa kwa kila mnyama kila mara, minyoo wanaobaki ni wale wasioisikia dawa, na baada ya misimu michache dawa ya dukani inakuwa maji. Watazame kope wote. Mpe dawa mwenye kope zilizofifia, na wenye kope nyekundu waache. Kipimo muulize afisa mifugo na umwambie uzito wa mbuzi. Usikisie, wala usifuate kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa sababu mwili wa mbuzi huzitoa baadhi ya dawa hizi upesi zaidi, na mara nyingi kipimo chake ni kikubwa kuliko cha kondoo. Mweleze kwamba ananyonyesha, na kama inawezekana ana mimba changa sema pia, kwa kuwa zipo dawa za minyoo zisizofaa miezi ya mwanzo. Uliza siku ngapi maziwa na nyama visitumike.

Uvimbe wa taya unaweza kuletwa na mengine pia: minyoo wa ini, njaa ya protini, kupe wengi, hata ugonjwa wa mbung'o ukiwa karibu na mapori. Kwa hiyo kabla ya dawa okota mavi mabichi, yaliyotoka sasa hivi, funga kwenye mfuko safi, weka kivulini penye ubaridi na umpe afisa mifugo siku hiyo hiyo. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kiko Mtwara mjini na mayai ya minyoo huonekana kwa darubini. Kama kope ni nyeupe, tibu kwanza, majibu yatakukuta.

Nakuja kwenye lile ulilolisema mwishoni kama dogo, na mimi naliona kubwa kuliko mwarobaini: kelele na kikohozi. Kushiriki kwa mnyama katika tiba yake hakuishii kwenye kuchagua majani. Kuna kukubali kuguswa, na hapa mbuzi wako anaweza kufanya mengi kuliko unavyodhani.

Kikohozi cha siku mbili, karibu nina hakika, kilikuja kwa sababu dawa iliingia njia ya hewa. Watu humkaba mbuzi shingo, wakainua kichwa kikatazama mbinguni, wakamimina. Mbuzi anayepiga kelele ameifungua njia ya mapafu. Ukimimina wakati huo unamimina mapafuni, na homa ya mapafu ya namna hiyo huua. Kichwa kiwe usawa wa kawaida, pua isipande juu ya jicho. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Lipitishe pembeni mwa mdomo, pale penye pengo lisilo na meno kati ya meno ya mbele na magego, ncha ifike juu ya ulimi. Sukuma kidogo, ngoja ameze, sukuma tena. Akipiga kelele, simama, toa bomba, anza upya. Kama bado anakohoa mpaka leo, mwambie afisa mifugo kabla hajaanza kumnywesha.

Safari hii, kwa kuwa ni mgonjwa, utamshika tu. Mtu mmoja amkumbatie kwa ubavu akiwa amesimama kwenye kona ya banda, mwingine anyweshe, mtoto wake awe anaonekana karibu. Msimkimbize kwanza kumkamata. Mchukueni akiwa bandani asubuhi, kabla hajatoka.

Akishapata nguvu, na kwa wale wanane wengine hata leo, anza kuwafundisha. Jioni wakirudi, kaa nao na pumba kidogo mkononi na lile bomba tupu. Siku za mwanzo bomba liwepo tu, na kila anayelisogelea anapata pumba. Kisha liguse shavu lake, pumba. Kisha kona ya mdomo, pumba. Halafu tia maji yenye uji mwepesi ndani yake, asukumiwe kidogo na kumeza. Dakika chache zinatosha, na aachiwe aondoke anapotaka. Hili la kuondoka ndilo gumu kwa wafugaji kulikubali, na ndilo linalofanya kazi: mnyama anayejua kwamba akigeuka ataachiwa, haogopi kusogea. Akishikiliwa kwa nguvu mara moja katikati ya mafunzo, umerudi mwanzo. Fanya hivyo hivyo kwa kope na kwato. Wakizoea, utawatazama macho wote tisa kabla chai haijachemka, bila kamba.

Kama unadhani ni mambo ya Wazungu wenye muda, wafikirie panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wanafundishwa kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi, na waliofundishwa hivyo walifanya kazi ya kunusa mabomu ya ardhini ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Katika bustani za wanyama huko Ulaya na Marekani, sokwe hutoa mkono wenyewe kuchomwa sindano. Mbuzi hana akili pungufu ya panya, na pumba ni rahisi kuliko ndizi.

Kwa upande wa chakula, mpe uchaguzi wa kweli ulio salama. Sogeza kigingi kila siku, mahali papya, usirudi pale pale kwa wiki nyingi kadiri eneo linavyoruhusu. Asubuhi umande ukiwa bado, usimtoe kwenye nyasi fupi. Viluwiluwi hupanda kwenye unyevu. Mning'inizie bandani, juu ya usawa wa kifua, matawi ya aina mbalimbali kwa pamoja: mkwaju, mgunga, mlonge, mwembe, mkorosho usiopuliziwa, na mwarobaini uwemo pia. Hapo sasa mtazame. Akiupita mkwaju na mlonge akauendea mwarobaini siku baada ya siku, wakati wenzake hawaugusi, amekupa habari, nawe kamfunue kope. Weka jiwe la chumvi ya kulamba penye kivuli, na maji safi. Najua maji ya Newala yanavyopatikana kwa taabu, lakini anayenyonyesha asipimiwe. Ukiona mbuzi anatafuna mifupa au kulamba udongo kwa pupa, usiseme anajitibu ukaishia hapo. Anakuambia kuna madini anayakosa, mara nyingi fosforasi, na mifupa ya mizoga inaweza kumpa sumu ya kupooza. Mpe madini, uondoe mifupa.

Mtoto wake mwache atembee na mama. Wanaonyonya hujifunza mimea kwa kula kando ya mama yao kuliko kwa namna nyingine yoyote, na mama anayekula aina kumi humwachia urithi wa aina kumi.

Yapo magonjwa ambayo uchaguzi wa mnyama hauna nafasi yoyote. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoingia mkoa wa Mtwara karibu na mwaka 2010, huzuiwa kwa chanjo. Mdondo wa kuku vilevile: tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, hakuna jani wanalolijua kuku. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoka mate na kuuma ovyo, usimkaribie umchunguze. Toa taarifa, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kisha aende hospitali siku hiyo. Mnyama aliyekufa ghafla akitoka damu puani au nyuma asichunwe, asiliwe. Huenda ni kimeta.

Kwa mbuzi wako, mwite afisa mifugo bila kungoja ukiona kope nyeupe, hawezi kusimama, anahema kwa nguvu akiwa amepumzika, ubavu wa kushoto umevimba na kukaza, ameacha kucheua tangu jana, au mtoto analia njaa kwa kuwa maziwa yamekata. Ukimkosa wa kata yako, nenda ofisi ya mifugo ya wilaya.

Baada ya dawa, mpe wiki mbili za kula vizuri kivulini, majani ya mlonge na pumba, na mpunguzie mtoto kunyonya kwa kumzoesha majani. Tazama kope kila wiki. Uvimbe hauondoki siku ya pili, kwa sababu damu inatengenezwa polepole. Usimrudishie dawa kwa hofu. Wiki mbili zikipita na kope bado zimefifia, pima mavi tena: ama dawa haikufanya kazi, ama tatizo halikuwa minyoo, na tiba yake ni nyingine.